Vijiko Vitatu na Nusu

Mzee Elinaza Mgonja aliambiwa afikiri kwa sauti, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata maelekezo, alifikiri kwa sauti.

Alifikiri kwamba kishikwambi alichopewa kilikuwa chepesi mno kwa mtu mwenye vidole vya fundi. Alifikiri kwamba alama ya kijani ingesogezwa kulia kidogo, maana hapo ilipo dole gumba halifiki. Alifikiri kwamba binti aliyetumwa na kampuni amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeitwa kituoni kutoa maelezo, kwamba huko Arusha pengine hawali, na kwamba hakuwa na mchumba, kwa sababu mchumba mwenye akili asingekubali mtu wake apandishwe milima ya Upare na gari lisilo na dereva, tena kipindi cha matope.

Tumpale Mwaisaka aliyaandika yote. Masikio yalimwaka moto, lakini aliandika. Kazi yake ilikuwa kupima kama programu inatumika kwa urahisi, na kanuni zake zilikuwa tatu: mtumiaji hakosei, programu ndiyo hukosea; usimsaidie hata ukimwona anahangaika; mwache aseme kila kinachompitia kichwani. Chuoni, walipofundishwa hiyo ya tatu, walijaribiana wenyewe kwa wenyewe, na mawazo ya wenzake yalihusu vitufe tu. Hakuna aliyemtayarisha kwa Mzee Elinaza.

Programu iliitwa Kichunga. Ilikaa ndani ya kiraka chembamba kama ganda la kitunguu, kilichobandikwa nyuma ya mkono wa mgonjwa, juu ya kiwiko. Kiraka kilisoma sukari kwenye damu kila dakika tano, kikatuma namba kwenye kishikwambi na kwa nesi wa zahanati, na ilipobidi kilizungumza. Kijijini watu kumi na wanane wenye kisukari walikuwa nacho tangu mwaka uliopita. Sita walichaguliwa kujaribu toleo jipya, na Mzee Elinaza alikuwa wa sita.

Watano waliotangulia walimchosha Tumpale kwa wema. Wa kwanza, mwalimu mstaafu, alitumia dakika saba kutafuta sukari yake ya leo, akaishia kumpigia simu shemeji yake bila kukusudia, wakaulizana hali mpaka muda ukaisha. Alipoulizwa kama kazi ilikuwa ngumu, alisema haikuwa ngumu hata kidogo. Wa tatu alisifu kitufe ambacho hakikufanya kazi. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba walikuwa wamepashana habari: msichana wa watu yuko kwenye mtihani, tumsaidie afaulu.

Mzee Elinaza hakuhitaji kumsaidia mtu. Kuonesha sukari ya leo alitumia sekunde nne. Kulinganisha wiki hii na iliyopita, sekunde tisa, na njiani akaeleza kasoro ya rangi ambayo ofisi nzima haikuwahi kuiona. Alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha tangawizi kwa miaka thelathini na minane, kabla kiwanda hakijaanza kujiendesha chenyewe, na alikishika kifaa kile kama daktari anavyoshika mkono wa mtoto.

Kazi ya nne ilikuwa kuzima sauti ya onyo.

Mzee alinyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakufikiri chochote kwa sauti. Alikitazama kishikwambi, akazitazama kuta, akakiweka mezani polepole.

"Hiyo siijui," alisema.

Hakuwa hata amejaribu. Tumpale aliandika: mshiriki wa sita, kazi ya nne, ameshindwa, sekunde sifuri. Akakaa akiitazama sentensi yake mwenyewe.

*

Alipofungua rekodi za mwezi mzima ndipo alipokiona kilima.

Sukari ya binadamu ni kama ng'ombe aliyekata kamba. Inapanda kwa ugali, inapanda kwa hasira, inashuka mtu akilima, na siku nyingine inapanda bila kumwambia mtu sababu. Mistari ya washiriki wengine watano ilikuwa hivyo. Mstari wa Mzee Elinaza ulitulia mchana kutwa, kisha kila siku, saa kumi na dakika ishirini alasiri, ukainuka kilima kimoja chenye ncha. Kumi na tatu nukta moja. Kumi na tatu nukta mbili. Kumi na tatu nukta moja. Siku thelathini, vilima thelathini, kama miche iliyopandwa kwa kufuata kamba.

Tumpale alidhani kiraka kimeharibika. Akaomba ruhusa ya kukaa hadi saa kumi ili akitazame kikifanya kazi. Mzee alisita, akasema kwamba saa kumi huwa ana miadi, lakini mgeni hafukuzwi.

Saa kumi kasoro robo aliingia chumbani, akatoka amevaa shati lililopigwa pasi na nywele zimechanwa. Jikoni alilipita birika la umeme bila kuligusa. Birika hilo, kama majiko na majokofu yote ya nyumba zilizo kwenye mpango wa afya, lilikuwa limeunganishwa na zahanati, na kijiji kizima kilijua kwamba lina mdomo. Alikwenda nyuma ya nyumba kwenye mafiga matatu na kuchemsha chai ya tangawizi kwenye birika la zamani la bati. Kisha akachukua kijiko. Kila alipochota sukari, alipitisha ubavu wa kisu juu yake mpaka ikawa sawasawa na ukingo. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne alikigawa kati kwa ncha ya kisu, akarudisha nusu koponi.

Alikunywa yote, akakaa kwenye kigoda, na mbele yake akaweka kiti kitupu.

Walingoja. Tumpale hakuthubutu kukohoa.

Dakika ya ishirini na mbili, mkono wa Mzee Elinaza ulizungumza. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, ya haraka, yenye lafudhi ya Kipare.

"Baba Niendiwe. Umekunywa nini tena? Kumi na tatu hiyo. Mtu mzima na mvi zako, unakunywa sukari kama nyuki. Inuka utembee. Na maji hayo mezani hujayagusa tangu asubuhi. Unadhani nitakufuata nyuma mpaka lini?"

"Nakunywa sasa hivi, Mama Niendiwe," alijibu mzee. Uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye timu yake imepata bao.

*

Sauti ya kuazima ilikuwa fahari ya Kichunga. Watafiti walikuwa wamegundua kwamba mgonjwa akionywa na sauti ya mashine huizoea kwa siku kumi, kisha huisikia kama anavyosikia mvua juu ya bati. Akionywa na sauti ya mtu wake, hutii. Kwa hiyo familia zilileta rekodi za angalau nusu saa, na programu ikajifunza lafudhi, pumzi, na namna mwenye sauti anavyopanga maneno yake. Ilitumika kwa onyo tu, sukari ikivuka kumi na tatu, ili isizoeleke. Wabunifu walikuwa wamefikiria kila kitu. Jambo pekee walilodhani halihitaji kufikiriwa ni kwamba hakuna mtu anayependa kugombezwa.

Naetwe, mke wa Mzee Elinaza, alifariki miaka minne kabla ya siku hiyo. Mzee alimweleza Tumpale habari zake bila kuulizwa mara mbili. Alipokuwa zamu kiwandani, mkewe alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti, na ujumbe huo, ulipokusanywa, ulifika dakika arobaini na moja. Zote zilikuwa za kumgombeza. Hakuna hata moja ya kumpa habari tu. Simu iliyokuwa na ujumbe wenyewe ilishatumbukia kwenye pipa la kuoshea tangawizi, kwa hiyo sasa Naetwe alikuwa amebaki sehemu moja tu, na mzee akaigusa sehemu hiyo mkononi mwake kwa kidole.

Vijiko vitatu, alieleza, havifiki. Inaishia kumi na mbili na ushee, na yeye hasemi neno. Vinne vinapita kumi na sita, na hapo Kichunga hainong'onezi tena bali inamwita nesi, ambaye huja na pikipiki yake, na ambaye, kwa maoni ya mzee, hana sauti nzuri. Ilimchukua wiki tatu kupata kipimo. Alilieleza hilo kwa unyenyekevu wa fundi anayejua kwamba amefanya kazi safi.

Tumpale alimuuliza, kwa sauti ndogo, kama anajua sukari hiyo inamfanyia nini.

Mzee Elinaza alivua kiatu cha kulia, akakigonga kwenye mguu wa kigoda. Kikadondosha kijiwe chenye ukubwa wa harage. Alikitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kimekaa humo tangu lini?" aliuliza.

*

Asubuhi ya Jumanne Tumpale aliteremka hadi zahanati akiwa amejipangia maneno njia nzima, na alipofika yote yakampotea.

Nesi Perusi Senzota alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ambayo kwa kweli haikuwa nzuri. Kabla mgeni hajasema lolote, alimfungulia majibu ya Mzee Elinaza, akitaka msaada wa mtu wa kompyuta. Hakuelewa. Huyu ndiye mgonjwa wake bora, anayemeza dawa kwa saa, hajawahi kukosa kliniki, na akionywa na Kichunga hutembea na kunywa maji papo hapo. Lakini vidole viwili vya mguu havisikii, na figo, ambazo mwaka jana zilikuwa za kijana, mwaka huu zimeanza kuchoka. Akiendelea hivi mwaka mmoja zaidi, alisema, tutaongelea kumkata mguu.

Tumpale alimwambia. Alimwambia yote, hadi ubavu wa kisu.

Nesi Perusi alicheka mpaka akakaa. Alicheka akijipigapiga goti, akafuta machozi kwa kitambaa cha kufutia meza, akasema kumbe miezi yote hii alidhani mzee anamwogopa yeye. Kisha kicheko kikamwisha ghafla, na akamtazama Tumpale kama mtu mwingine kabisa.

"Ifute leo, mdogo wangu," alisema.

Sheria haikuwa na utata. Sauti inayomdhuru mgonjwa huondolewa, na sauti ya marehemu ikiondolewa haihifadhiwi popote, isije ikatumiwa vibaya. Kitufe cha kuiondoa hakikuwa kwa nesi. Kilikuwa kwenye kishikwambi cha mjaribu, yaani ndani ya mkoba uliokuwa mapajani mwa Tumpale, na ghafla mkoba huo ulimwelemea kama umejazwa mawe.

Hakuwa mtu wa kubishana. Maisha yake yote alikuwa amekubali kupewa soda asiyoipenda kwa kuona haya kusema. Lakini alijisikia akisema kwamba mtumiaji hakosei. Kama mtu anakunywa sumu ili programu imsemeshe, basi aliyekosea ni aliyeamua lini imsemeshe. Aliomba siku chache za kuirekebisha. Nesi akamuuliza kama siku hizo atazichukua kwenye mguu wake au wa mzee. Swali lilikuwa la haki.

Alikaa tu, mikono juu ya mkoba, hakuondoka. Pengine hilo ndilo lililomshinda nesi.

"Alhamisi saa kumi na moja jioni," alisema Nesi Perusi. "Kilima kikiwa bado kipo, unafuta mbele yangu."

*

Wazo la kwanza lilikuwa rahisi, na ndilo ambalo mtu yeyote aliyesoma angelipata: geuza zawadi. Sukari ikiwa nzuri, Naetwe azungumze, amsifu mumewe. Mzee atakuwa na sababu ya kuitunza. Tumpale alikubaliana na mzee, akafungua sehemu ya majaribio, akaandika maneno, na Jumanne hiyo hiyo mchana wakaketi kungoja. Sukari ilikuwa sita nukta nne.

"Hongera sana, mume wangu," ilisema sauti ya Naetwe, tamu kama asali. "Unaendelea vizuri. Najivunia wewe."

Mzee Elinaza aliruka kutoka kwenye kiti. Aliutazama mkono wake, akautazama mlango, kisha akajirekebisha kola ya shati kama mtu aliyekutwa na mgeni asiyemjua.

"Shikamoo," alisema kwa tahadhari. Akangoja. Halafu akamgeukia Tumpale na kumuuliza kwa mnong'ono huyu mama ni nani.

Tumpale alieleza kwamba ni yuleyule. Mzee alikataa. Alisema miaka arobaini na mitatu ya ndoa mkewe hakuwahi kumsifu. Aliwahi kuusifu uji, lakini aliupika mwenyewe. Kama angemwambia maneno kama haya akiwa hai, mzee angempeleka hospitali siku hiyo hiyo. Aliomba, kwa adabu kubwa na huku akimshukuru kwa kazi, kwamba yule mama aondolewe, kwa kuwa si vizuri kukaa na mwanamke mwingine nyumbani. Saa kumi akaenda kwenye mafiga yake. Vijiko vitatu na nusu.

Tumpale alirudi alikofikia, akakaa kitandani na viatu vyake, akatazama kitufe. Kilikuwa kidogo, chekundu, na chini yake kulikuwa na swali la heshima: Je, una hakika?

*

Jumatano alikwenda bila kishikwambi. Alichukua daftari tu, akakaa safari hii katikati ya kiti, akamwomba mzee amweleze Mama Niendiwe alikuwa akimgombeza kuhusu nini.

Mzee Elinaza alifikiri kidogo, kisha uso ukamchanua. Alianza na redio, kwamba aliisikiliza kana kwamba majirani ndio viziwi. Akaja kwenye kupiga mluzi ndani ya nyumba. Akaja kwenye kuacha mlango wazi, kuanika shati likiwa limegeuzwa, kuwapa kuku majina, kusimama katikati ya njia na kuongea na kila mpita njia kama diwani anayeomba kura. Kila kimoja alikieleza kwa sauti ya mkewe, mkono kiunoni. Saa mbili zilipita. Tumpale alijaza kurasa kumi na tisa na mara mbili ilimbidi aweke kalamu chini ili acheke.

Kisha akauliza swali ambalo alikuwa analiogopa. Alitaka kujua ilikuwaje Mama Niendiwe anapokasirika kweli.

Mzee aliacha kutabasamu.

"Akikasirika kweli alikuwa hasemi," alijibu. "Aliwahi kukaa siku tisa. Anakupa chakula, anakunyooshea shati, hasemi. Siku ya nne nilimwomba anitukane tu."

Tumpale aliliandika neno hilo, hasemi, akalipigia mstari. Baadaye, alipoandika taarifa, alishindwa kueleza ni nini hasa kilichomjia wakati ule. Aliandika tu kwamba mpangilio ulikuwa umewekwa kinyume na tabia ya mwenye sauti.

Alimweleza mzee alichokusudia. Sukari ikiwa chini ya kumi, Naetwe atagomba, kuanzia asubuhi hadi mzee alale, kila atakapoona la kugombeza. Ikipanda, atanyamaza. Onyo litatolewa na sauti ya mwanaume wa kawaida, kama msomaji wa taarifa ya habari, na Naetwe hatasema neno mpaka sukari irudi. Lakini kulikuwa na jambo moja. Kurasa kumi na tisa hazitoshi mwaka mzima, kwa hiyo programu itatunga maneno mengine yenyewe, si ya onyo tu kama sasa, kwa kusikiliza yanayoendelea nyumbani. Yatakuwa maneno ambayo mkewe hakuwahi kuyasema. Tumpale alisema hajui kama ni halali kumwekea marehemu maneno mdomoni, hata kwa nia njema. Alisema pia kwamba mzee akikataa, itabidi sauti ifutwe kesho, na kwamba yeye ndiye atakayeifuta. Alilisema hilo akitazama sakafu, lakini alilisema.

Mzee Elinaza alifikiri kwa muda mrefu, safari hii kimyakimya.

"Angekasirika," alisema mwishowe. "Kwanza angeuliza wewe ni nani. Kisha angekwambia hujui kugomba, akakusahihisha."

Tumpale alimuuliza kama hiyo ni ndiyo au hapana. Mzee akasema hiyo ni ndiyo, ila asimwandikie maneno laini.

*

Alhamisi ilianza vizuri. Kabla ya saa tatu asubuhi Mzee Elinaza alikuwa ameshagombezwa kwa ajili ya redio na kwa ajili ya jogoo aliyemwita Meneja. Sukari ilikuwa saba. Mchana ilikuwa nane. Nesi Perusi alipiga simu mara mbili kuuliza kama kweli hiyo ni namba ya mtu yule yule.

Saa kumi kasoro robo, mzee alivaa shati lililopigwa pasi na kwenda kwenye mafiga.

Tumpale alimfuata hadi mlangoni. Kanuni ilisema asimsaidie, na moyo ulitaka kumpokonya kopo la sukari. Alichofanya ni kumuuliza kwa nini. Mzee alimjibu kwa upole kwamba fundi haamini mtambo uliotengenezwa mpaka auwashe. Akapitisha kisu juu ya kijiko.

Dakika ya ishirini na mbili ilifika.

"Sukari yako ni kumi na tatu nukta mbili," alisema mwanaume wa taarifa ya habari. "Tafadhali kunywa maji na utembee."

Halafu kukawa kimya. Mzee Elinaza aliutazama mkono wake kwa subira. Kiti kitupu kilikuwa mbele yake. Nje, kuku walikuwa wakichakura.

"Mama Niendiwe," aliita.

Kimya.

Alikunywa glasi ya maji, akaionesha kwenye mkono kama ushahidi. Alipiga mluzi kidogo, akasikiliza. Aliinuka, akaufungua mlango, akauacha wazi kabisa, akarudi kukaa. Tumpale alimwona anavyozidi kuwa mdogo ndani ya lile shati, na akaona kwamba ameunda kitu cha kikatili, na kwamba kimefanya kazi.

"Ni hiki," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Kimya chenyewe ni hiki hasa. Umekipataje?"

Hakungoja jibu. Alivaa viatu vipana alivyoletewa na nesi, akavikung'uta kwanza kama alivyoelekezwa, akatoka. Alishika njia ya mashamba ya tangawizi, ile inayopanda moja kwa moja bila kuzunguka, na alitembea kama mtu aliyeambiwa basi la mwisho linaondoka. Tumpale alimfuata na kishikwambi. Kumi na mbili nukta tisa. Matope yalimvua kiatu mara moja, akarudi kukichukua. Kumi na mbili nukta moja. Mashine za kupalilia, ndogo kama mbuzi, zilisimama kuwapisha. Mzee hakuzitazama wala hakumsalimia mtu. Kumi na moja nukta tatu.

Saa kumi na moja kamili simu ililia. Nesi Perusi hakusalimia. Alisema ameona kilima, anakiona hapa mbele yake, na makubaliano ni makubaliano.

"Hakijaisha, dada," Tumpale alisema, na ilibidi aliseme kwa vipande kwa sababu ya pumzi. "Tazama upande wa pili. Anakishusha. Sijawahi kumwona mtu anakishusha hivi. Nipe dakika kumi, kisha nitafuta mwenyewe."

 Kisha nesi akasema anatazama, na hakukata simu.

Juu kabisa, pale mashamba yanapoishia na upepo unapoanza, Mzee Elinaza alisimama. Tumpale alimfikia akiwa ameshika kiuno, hawezi kusema. Kishikwambi kilisoma kumi nukta mbili. Wakangoja. Wote wawili waliutazama mkono ule, na kwenye simu nesi naye alikuwa anangoja, walimsikia anavyopumua.

Tisa nukta nane.

"Baba Niendiwe." Sauti ilitoka kali, kamili, bila kuomba radhi. "Umemburuta mtoto wa watu mlima mzima huu, anahema kama mvukuto wa mhunzi, na hujamuuliza hata kama amekula. Huyo ni mgeni au ni punda wako? Nikwambie mara ngapi?"

Mzee Elinaza alifumba macho.

Tumpale alizijua kurasa zake kumi na tisa, na sentensi hiyo haikuwamo. Mzee naye alilijua hilo, kwa sababu alipofumbua macho alimgeukia.

"Hiyo umeandika wewe?" aliuliza.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa ametumwa kusema anachokiona.

"Hapana, mzee. Sikuiandika. Na si yeye. Programu imesikia ninavyohema, ikaitunga."

"Najua, mwanangu," alisema Mzee Elinaza. "Nimekaa na mashine miaka thelathini na minane. Najua mashine ni nini." Alijipangusa uso kwa kiganja, polepole, kisha akamtazama vizuri, matope na jasho na kiatu kimoja kisichofungwa. "Lakini alichosema ni kweli. Umekula?"

Tumpale alitaka kusema amekula, kama ambavyo angesema siku zote. Akasema hajala tangu asubuhi.

"Umesikia?" ilisema sauti mkononi. "Tangu asubuhi."

Kwenye simu, Nesi Perusi alikohoa. Alisema ataandika kwamba ameona, kwamba kesho ataangalia tena, na keshokutwa pia, na kwamba kitufe kikae hapo hapo kilipo. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa karibu nzuri, kama huyo mama anapatikana pia kwa wagonjwa wengine. Tumpale akamjibu kwamba hapatikani.

Walianza kuteremka. Naetwe alikuwa ameshafika kwenye habari ya mlango ulioachwa wazi, na kwamba sasa hivi kuku wako juu ya meza, na kwamba huyo Meneja lazima ndiye aliyewaongoza. Tumpale alidhani mzee angeharakisha kwenda kuufunga. Mzee Elinaza hakuharakisha. Mpaka nyumbani ilikuwa nusu saa, sukari ilikuwa tisa, na mkewe alikuwa na mengi.